Kiongozi wa Timu ya Uchangishaji wa Ana kwa Ana: Aina, Kazi na Taratibu, kwa Mfano wa Chitete na Tunduma

Maana na mipaka

Uchangishaji wa ana kwa ana ni ukusanyaji wa michango ya hiari unaofanywa na mtu anayesimama mbele ya mtu mwingine, iwe mlangoni, sokoni, kando ya barabara au ofisini, kwa ajili ya lengo la jamii lisilomnufaisha mwombaji binafsi. Maana hii ina nguzo tatu, na kila nguzo hutenga jambo hili na jingine linalofanana nalo. Ikiondolewa hiari, kinachobaki ni tozo. Likiondolewa lengo la jamii, kinachobaki ni biashara au kuombaomba. Ukiondolewa uwepo wa mtu, kinachobaki ni tangazo la redio au ujumbe wa simu, ambavyo vina taratibu zake na havihusiki hapa.

Timu ya uchangishaji ni kundi dogo, kwa kawaida la watu watano hadi wanane, linalofanya kazi hiyo katika eneo moja kwa muda uliopangwa chini ya mtu mmoja. Mtu huyo, kiongozi wa timu, hutofautiana na mgeni rasmi wa harambee, ambaye huja siku moja, hutangaza kianzio na kuondoka. Hutofautiana pia na mhazini, anayepokea fedha zikiwa zimekwisha kuhesabiwa, na mratibu wa shirika, anayeamua fedha zitatumika wapi. Dhamana ya kiongozi wa timu inaanzia mlango wa kwanza wa asubuhi na kuishia kwenye meza ya kuhesabia jioni. Kila kilichosemwa, kilichotolewa na kilichokataliwa kati ya nyakati hizo mbili ni chake kukijibia.

Kamati ya harusi, ambayo karibu kila mtu mzima wa Tanzania amewahi kuchangia au kukaa ndani yake, ni ndugu wa karibu wa timu hii lakini si mwenzake. Kamati ina kadi za michango, orodha ya ahadi na mtu wa kupiga simu za kukumbusha. Hata hivyo anayechangia harusi anaweka akiba kwa wanaomjua: zamu yake ikifika, atachangiwa. Anayechangia wodi ya wazazi au madawati ya watoto asiowafahamu hana wa kumdai. Kiongozi aliyezoea kamati za harusi hulazimika kuacha nyuma mbinu za kudai na kukumbushia madeni, kwa sababu mbele ya mchango wa aina hii hakuna deni lolote kabla ahadi haijatolewa.

Chimbuko

Mchango wa barabarani uliopangwa rasmi huhesabiwa kuanzia Manchester, Uingereza, tarehe 10 Oktoba 1891. Miaka mitano kabla, Desemba 1886, waokoaji 27 wa boti za St Annes na Southport walikufa wakijaribu kuokoa meli iitwayo Mexico. Charles Macara, mfanyabiashara wa pamba, aliona kwamba chama cha boti za uokoaji, RNLI, kilitegemea matajiri wachache, akaandaa maandamano ya bendi na boti mjini ili watu wa kawaida nao watoe. Wakusanyaji walifunga mifuko kwenye ncha za fito ndefu ili kuwafikia abiria wa ghorofa ya juu ya tramu. Zilipatikana zaidi ya pauni 5,000 kwa siku moja. Nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, vikundi vya mazingira vya Chicago vilianza kuajiri vijana wa kupita nyumba kwa nyumba kila jioni, kwa mbinu zilizoazimwa kwa wauzaji wa ensaiklopidia; hapo ndipo cheo cha kiongozi wa timu ya uwanjani kilipopata umbo lake la sasa. Katikati ya miaka ya 1990, Greenpeace ya Austria iliongeza jambo jipya: mchangishaji wa barabarani hapokei fedha taslimu kabisa, bali saini ya kuruhusu benki ikate kiasi kidogo kila mwezi.

Afrika Mashariki haikungoja kufundishwa. Safari ya Julius Nyerere kwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955 ilitegemea michango ya wanachama wa TANU. Kenya iliifanya harambee kuwa wito wa taifa tangu uhuru wake wa 1963, na shule nyingi za sekondari zilijengwa kwa njia hiyo. Mfano ulio kamili zaidi wa karne hii umetoka Buganda. Makaburi ya wafalme ya Kasubi yaliteketea kwa moto Machi 2010. Charles Peter Mayiga, aliyeteuliwa kuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, mwaka 2013, alizunguka kaunti za ufalme akipokea michango kwa mkono wake katika kampeni iliyoitwa Ettoffaali, yaani tofali. Kampeni hiyo inastahili kusomwa na kila kiongozi wa timu kwa sababu mbili: kipimo cha mchango kilikuwa kitu ambacho hata maskini anaweza kukitaja kuwa chake, na mpokeaji alikuwa mtu aliyekuja mwenyewe badala ya kutuma barua.

Mazingira ya Songwe

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake yakiwa Vwawa. Sensa ya 2022 iliuhesabia watu zaidi ya milioni 1.3. Ndani yake, Wilaya ya Momba, iliyotoka Mbozi mwaka 2012, ina mamlaka mbili za serikali za mitaa: Halmashauri ya Wilaya ya Momba, yenye makao Chitete, na Halmashauri ya Mji wa Tunduma, wenye watu zaidi ya 200,000, unaopakana na Nakonde ya Zambia. Kwa msafiri ni wilaya moja. Kwa kiongozi wa timu ni viwanja viwili vyenye kanuni tofauti, na wengi hujikwaa hapo.

Chitete na vijiji vyake ni eneo la wakulima. Kiongozi wa ngazi ya chini kabisa ni mwenyekiti wa kitongoji, na juu yake kuna kijiji chenye mkutano mkuu unaowakusanya wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Tunduma ina mitaa badala ya vijiji, wapangaji wengi, watu wa kupita na biashara isiyolala. Kijijini mchangishaji hujulikana ukoo wake kabla hajamaliza salamu. Mjini hujulikana kwa kitambulisho alichovaa kifuani tu. Kijijini kosa la mmoja hubaki na jina la timu kwa miaka. Mjini kosa hilo hilo husahaulika kesho yake, lakini tapeli mwenye kitabu cha stakabadhi za kughushi anaweza kupita mtaa uleule siku hiyohiyo.

Kalenda ya kutoa hufuata kalenda ya mavuno. Mvua za ukanda huu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi huanza kuwa fedha mwezi Juni, mpunga wa bonde la Kamsamba hufuata njia hiyo, na kahawa ya Mbozi huleta fedha katika miezi ya kiangazi. Timu inayopita vijiji vya Momba mwezi Februari huwakuta watu shambani na ghala likielekea ukingoni. Ombi lake, hata likiwa la haki, ni la ukatili kidogo. Julai hadi Septemba ndio msimu. Tunduma haina msimu wa namna hiyo, ila ina siku: mwisho wa mwezi kwa watumishi wa umma, na siku za foleni ndefu ya malori kwa mji mzima.

Kumbukumbu ya kubishiwa hodi nayo ni sehemu ya mazingira. Kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, lakini wazee bado wanakumbuka mgambo waliopita majumbani wakidai stakabadhi zake. Ujenzi wa shule za sekondari za kata, uliopamba moto kuanzia 2006, uliambatana na michango ambayo kaya nyingi hazikuulizwa kama zinataka. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 kufuta ada. Kwa hiyo mwenye nyumba anayefungua mlango na kuona kijana mwenye daftari anaona kwanza historia hiyo yote. Kuiondoa historia hiyo mbele ya mlango ni kazi ya kwanza ya timu, na haiwezekani ikiwa kiongozi ameomba asindikizwe na mgambo.

Aina za uchangishaji kwa mahali

Nyumba kwa nyumba ndiyo aina ngumu na yenye matunda ya kudumu. Hufaa vijiji na mitaa ya makazi, huhitaji ramani ya vitongoji, na humpa mtoaji nafasi ya kuuliza maswali akiwa kwake, mahali alipo na nguvu kuliko mwombaji. Gulioni na mnadani, ambako watu hukutana siku maalumu, mazungumzo huwa mafupi, kiasi huwa kidogo na idadi ya watoaji huwa kubwa. Timu husimama mahali pamoja panapoonekana na haimfuati mtu kati ya mabanda. Mpakani Tunduma kuna aina ya tatu ambayo maeneo mengi hayana: madereva wa malori wanaosubiri. Wana muda, wana fedha ndogo mkononi na wameona zahanati za nchi nyingi. Timu isiyowahi kuwafikiria hupoteza watoaji wasikivu.

Ofisi na maduka huhitaji miadi na barua, na hapo kiongozi huenda mwenyewe. Nyumba za ibada zina utaratibu wake wa sadaka na zaka. Timu huingia kwa idhini ya mchungaji, padri au imamu tu, na huondoka bila kugusa chombo cha sadaka. Wazawa wa Momba wanaoishi Mbeya, Dar es Salaam au nje ya nchi kwa kawaida hufikiwa kwa kundi la WhatsApp, lakini kwa maana iliyotolewa hapo juu huo si uchangishaji wa ana kwa ana, na timu huupeleka kwa mratibu.

Aina za mchango

Fedha taslimu ndiyo aina inayofikiriwa kwanza na ndiyo yenye hatari kubwa. Mpakani huja kwa sarafu mbili. Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha Januari 2013, hivyo noti za zamani hazina thamani, na mchangishaji lazima azitambue kwa macho. Kwacha huandikwa kwenye stakabadhi kama kwacha. Mchangishaji hapaswi kuzigeuza kuwa shilingi kichwani mwake. Ubadilishaji hufanywa na mhazini, dukani, kwa karatasi.

Mchango wa vitu ni wa zamani kuliko fedha na vijijini mara nyingi ndio mkubwa zaidi: mahindi, matofali, mchanga, mawe, maji ya ujenzi. Kipimo chake kinahitaji uangalifu. Gunia halifai kuandikwa kwa sababu ya lumbesa, yaani mzigo unaoongezwa juu ya mdomo wa gunia. Debe lililosawazishwa ndilo kipimo cha haki. Mahindi yaliyochangwa huuzwa na kamati siku moja, kwa bei iliyotangazwa. Nguvu kazi nayo huandikwa kwa jina na siku. Maboma mengi ya zahanati na madarasa katika nchi hii yalifika usawa wa lenta kwa mchango wa aina hii kabla halmashauri haijaleta bati, na ni dhuluma kuandika taarifa inayotaja shilingi tu na kuwasahau waliobeba mawe.

Fedha kwa simu imebadilisha kazi hii tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008. Faida yake ni kwamba mchangishaji hagusi kitu. Hasara yake ni ujumbe wa matapeli unaojulikana nchi nzima, ule wa kutaka ile hela itumwe kwenye namba hii. Kwa sababu hiyo namba binafsi ya mchangishaji au ya kiongozi haitumiki kamwe, hata kwa mchango mmoja, hata mtandao ukisumbua. Hutumika lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, ili mtoaji aone jina hilo kwenye simu yake kabla ya kuingiza namba ya siri.

Ahadi ni mchango uliosemwa ambao haujatolewa. Huandikwa pamoja na tarehe iliyochaguliwa na mtoaji mwenyewe. Hukumbushwa mara moja. Ikikumbushwa mara ya pili inakuwa deni, na timu imerudi kwenye kamati ya harusi.

Muundo wa timu

Wachangishaji hutembea wawili wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume. Mmoja huzungumza, mwingine huandika, na hubadilishana baada ya kila kitongoji. Jozi humlinda mtoaji dhidi ya mchangishaji mmoja, mchangishaji dhidi ya tuhuma, na wachangishaji wote wawili dhidi ya mbwa na walevi. Katika vijiji vya Momba angalau mmoja wa jozi anapaswa kuongea Kinyamwanga, kwa kuwa bibi anayesikia Kiswahili bila shida huweza kusita kuuliza kwa Kiswahili fedha zake zinakwenda wapi. Nje ya jozi kuna mwenyeji, mara nyingi aliyetajwa na mwenyekiti wa kitongoji. Huonyesha njia na hujua nyumba yenye msiba, lakini habishi hodi wala hasemi neno la kuomba. Akisema, heshima yake kijijini inakuwa shinikizo.

Vifaa ni vichache: kitambulisho chenye picha na jina la taasisi, nakala ya barua ya kibali, kitabu cha stakabadhi chenye namba mfululizo na vishina, daftari la nyumba, kisanduku kilichofungwa kwa lakiri na bango la lipa namba. Kizibao cha rangi moja husaidia gulioni na barabarani. Vijijini kinaweza kuwafanya wachangishaji waonekane kama wakaguzi, na ni busara kukiacha.

Kazi za kiongozi kabla ya kwenda uwanjani

Kibali hutafutwa kutoka juu kwenda chini na hukamilika chini. Shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 huandika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri husika. Barua ya Chitete haifungui milango ya Tunduma, wala ya Tunduma haifungui ya Chitete. Kisha hufuata mtendaji wa kata, mtendaji na mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji. Kijijini jambo hutangazwa kwenye mkutano mkuu kabla ya hodi ya kwanza, na hapo tofauti moja hufafanuliwa hadharani: mchango uliowekwa kwa sheria ndogo ya kijiji, ambao ni wajibu, na mchango huu, ambao si wajibu. Kiongozi asiyeisema tofauti hiyo kwa sauti mbele ya mkutano amewatuma vijana wake kudanganya bila wao kujua.

Nchi nyingine zimeweka kanuni rasmi za jambo hili. Kenya ina sheria ya michango ya umma inayodai leseni, na sheria yake ya maadili ya maofisa wa umma ya 2003 ilimkataza ofisa kutumia cheo chake kumshinikiza mtu achangie harambee, wala kuifanya ofisi yake kuwa mahali pa kukusanyia. Uingereza iliunda chombo cha kusimamia uchangishaji mwaka 2016 baada ya malalamiko ya watoaji waliosumbuliwa. Kiongozi wa Chitete hahitaji kungoja chombo kama hicho ili kukataa kutumia gari la kiongozi wa serikali katika ziara ya kuomba.

Mafunzo huchukua siku mbili au tatu, na sehemu kubwa ni maigizo: mmoja anakuwa mwenye nyumba, mwingine anabisha hodi, wenzake wanatazama na kusahihisha. Kiongozi huigiza mara nyingi kuliko wote, na huigiza kushindwa. Mchangishaji ambaye hajaona kiongozi wake akikataliwa na kushukuru vizuri hatajua kufanya hivyo peke yake mlangoni.

Mazungumzo ya mlangoni

Mazungumzo yana sehemu tano. Hodi na salamu, pamoja na shikamoo kwa mkubwa na kungoja kukaribishwa. Utambulisho, unaotaja jina, taasisi na aliyetoa ruhusa. Maelezo, yasiyozidi muda wa mtu kusimama bila kuchoka, yanayotaja kitu kimoja kinachoonekana: vitanda vya kujifungulia, tangi la maji la shule, boma linalosubiri kupauliwa. Ombi, lenye kiasi kinachotajwa waziwazi pamoja na kiasi kidogo kuliko hicho, likifuatiwa na ukimya. Shukrani, ambayo ni ileile kwa aliyetoa na aliyekataa.

Ukimya baada ya ombi ndio sehemu inayowashinda wachangishaji wapya. Wengi hujaza nafasi hiyo kwa kuomba tena, kwa kueleza umaskini wa wagonjwa au kwa kutaja jirani aliyekwisha kutoa. Kumtaja jirani ni kosa zito kuliko yote. Katika kijiji ambacho watu hukutana kisimani kesho, jina la jirani na kiasi chake ni shinikizo sawa na la mgambo, na linavunja siri ya mtoaji wa kwanza pia. Jozi inayofanya hivyo huondolewa uwanjani siku hiyo.

Kukataa kuna aina nne, na daftari la nyumba huwa na alama kwa kila moja. Aina ya kwanza ni kukosa, mtu anaposema leo hana: hupewa shukrani na harudiwi isipokuwa yeye mwenyewe ametaja siku. Aina ya pili ni kusogeza, yaani njooni kesho, au mwenye nyumba hayupo. Hii mara nyingi ni adabu ya kukataa, na adabu hiyo hupokelewa kama ilivyotolewa. Nyumba hurudiwa mara moja tu, na jozi tofauti. Aina ya tatu ni shaka, inayokuja kama swali au hasira: fedha za zamani zilikwenda wapi, zahanati ile iliyochangiwa mbona haina dawa. Hapa mchangishaji habishani wala hatetei serikali. Huandika swali kama lilivyosemwa na kiongozi hurudi mwenyewe na jibu, au na ukweli kwamba jibu halipo. Mashaka ya aina hii ni mali kubwa kwa timu kuliko fedha zilizopatikana siku hiyo, kwa kuwa huonyesha ni ahadi gani za zamani bado zinadaiwa. Aina ya nne ni kukataa kabisa, kwa sababu ya imani, chama au tabia. Nyumba hiyo huwekewa alama na haibishiwi hodi tena katika kampeni hiyo.

Kazi za kiongozi uwanjani

Kiongozi hapangi tu, huchangisha. Hutembea na kila jozi angalau saa moja kwa siku, akianza na jozi iliyokataliwa zaidi jana. Hubadilisha jozi zinazozoeana mno, na huwapumzisha watu mchana, jua likiwa kali. Saa za kufaa vijijini ni asubuhi kabla ya shamba na alasiri baada yake. Giza likiingia, timu huondoka, kwa kuwa hodi ya usiku ni hodi ya hofu. Nyumba yenye msiba hupitwa, na timu iliyofika kijiji chenye msiba hufunga vitabu na kwenda kuhani kama watu wengine. Nyumba ambayo watoto wako peke yao hupitwa pia, hata mtoto akileta sarafu.

Lengo la siku huwekwa kwa nyumba zilizotembelewa. Timu iliyowekewa kiasi cha shilingi huanza kuchagua nyumba za bati na kuruka za nyasi, na hapo mchango unaacha kuwa wa jamii nzima.

Meza ya jioni

Kuhesabu hufanywa mara mbili, na watu wawili ambao hawakukusanya fedha hizo, mbele ya waliokusanya. Visanduku hufunguliwa kimoja kimoja, lakiri ikikaguliwa kwanza. Vishina hujumlishwa kabla ya fedha kuguswa, ili jumla ya karatasi isije ikarekebishwa kufuata jumla ya noti. Pengo lolote, la kuzidi au kupungua, huandikwa na kusainiwa. Kuzidi ni dalili mbaya kama kupungua, kwa sababu kunamaanisha mtu alitoa na hakupewa stakabadhi. Fedha huwekwa benki au kwa wakala siku inayofuata asubuhi. Hazilali kwa mchangishaji. Zikilala kwa mwenyekiti wa kijiji, hulala kwa maandishi.

Daftari la nyumba lina majina na namba za simu, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika. Namba iliyotolewa kwa ajili ya stakabadhi haipelekwi kwa mgombea, kwa muuzaji wala kwa kampeni nyingine bila ridhaa ya mwenyewe. Daftari hufungiwa kabatini kama fedha.

Malipo ya wachangishaji

Njia zinazojulikana ni tatu: kujitolea kabisa, posho ya siku, na asilimia ya kilichokusanywa. Kujitolea kunafaa kampeni fupi za kijiji chenyewe. Posho ya siku inafaa kampeni ndefu na hutangazwa kwenye mkutano mkuu kama matumizi mengine. Asilimia inakataliwa na maadili ya taaluma hii duniani, na katika mazingira ya Momba inapaswa kukataliwa mara mbili: humfanya mchangishaji kuwa mshirika wa kila noti, na humfanya asiweze kumwacha bibi aliyesema leo sina. Kiongozi hulipwa kwa njia ileile ya timu yake, kwa kiasi kinachojulikana na timu yake.

Kufunga kampeni

Kampeni hufungwa kwa tarehe iliyotangazwa mwanzoni, lengo likiwa limefikiwa au la. Vitabu vyote vya stakabadhi hurudishwa, pamoja na vile ambavyo havikutumika, na kurasa zilizoharibika hubaki kitabuni zikiwa na mistari miwili. Ziada, ikiwapo, huamuliwa na mkutano mkuu uleule uliokubali kampeni, wala si na timu. Mapato na matumizi husomwa kijijini katika mkutano wa robo mwaka na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Tunduma hubandikwa kwenye ofisi ya mtaa, na kwa sababu wapangaji huhama, nakala hutumwa kwa simu kwa kila aliyeacha namba na kuridhia. Maswali ya aina ya tatu yaliyoandikwa daftarini husomwa pamoja na majibu yake. Ahadi ambazo hazijatimizwa hufutwa kwa kalamu mbele ya mkutano, bila kutaja majina, na kisanduku, lakiri na vitambulisho hukabidhiwa kwa taasisi kwa saini ya kiongozi.